ClefOS na taswira za msingi za meinfremu: umri ndio hatari, si ujumuiya

Kila linapozuka suala la kuendesha konteina (programu iliyofungashwa pamoja na vyote inavyovihitaji) kwenye meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM, wenye dhamana ya usalama huuliza: taswira hii ya msingi, yaani kiolezo ambacho konteina hujengwa juu yake, ni ya nani, na likitokea la kutokea tutamwajibisha nani? Swali hilo ni halali. Tatizo ni kwamba mara nyingi huulizwa kwa namna inayoihukumu taswira ya jumuiya, yaani isiyo na mkataba wa msaada, kabla haijafunguliwa na kukaguliwa, na hoja za wanaoitumia hazipati kusikilizwa hadi mwisho.

Mfano ulio wazi ni ClefOS, mfumo wa Linux uliojengwa kwa ajili ya meinfremu. Konteina haina keneli yake, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Huazima ya mashine inayoiendesha, na programu zilizomo lazima ziwe zimejengwa kwa ajili ya prosesa ya mashine hiyo. Taswira iliyojengwa kwa x86, prosesa za kompyuta za kawaida, ikipelekwa kwenye s390x, yaani aina ya prosesa za meinfremu kama Linux inavyoziita, haiwaki. CentOS 7, Linux ya bure iliyojengwa kutokana na msimbo wa RHEL (Linux ya kulipia ya kampuni ya Red Hat), ambayo ilikuwa tegemeo la seva nyingi zisizolipia usajili wa Red Hat, haikutolewa kwa s390x. Kampuni ya Sine Nomine Associates ilichukua msimbo ule ule ulio wazi, ikaujenga upya kwa ajili ya meinfremu, ikauita ClefOS, na taswira yake ikaingizwa miongoni mwa taswira rasmi za Docker Hub, ghala la mtandaoni la taswira. Kuanzia hapo mstari mmoja katika faili ya ujenzi wa konteina, FROM clefos:7, unaotaja taswira ya msingi, ulimtosha mtu aliyezoea CentOS: vifurushi vilikuwa vile vile, yum (chombo cha kusakinisha vifurushi) ile ile, wala hakuhitaji mkataba na yeyote.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aingie ndani ya kumbukumbu ya mashine. Prosesa za s390x hupanga baiti za namba kinyume na x86. Namba 1 ya baiti nne, kwenye x86, huanza na baiti yenye 01, kisha sifuri tatu; kwenye meinfremu sifuri tatu hutangulia, na 01 huja mwisho. Programu iliyoandika idadi ya rekodi kwenye faili bila kutaja mpangilio, ikasomwa upande wa pili, italigeuza 1 kuwa 16,777,216. Hakuna onyo litakalotokea na programu haitaanguka. Itaendelea kufanya kazi kana kwamba rekodi hizo zaidi ya milioni kumi na sita zipo kweli. Mtunzaji wa maktaba huria anayefanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukaa miaka na kosa la aina hiyo bila kulishuku, kwa sababu majaribio yake yote yanapita.

Kosa hilo hugunduliwa pale tu msimbo unapojengwa na kujaribiwa kwenye s390x mara kwa mara, kwa kila badiliko, na watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona meinfremu kwa macho. Watu hao hawana bajeti ya leseni, na hawawezi kusubiri idara ya manunuzi. Taswira ya msingi isiyo na malipo ndiyo mlango wao pekee. Ukiufunga kwa hoja kwamba haina msaada wa kulipia, kosa halitoweki. Linasafiri kimya hadi kwenye benki au kampuni ya bima inayoendesha maktaba ile ile kwenye mashine iliyo chini ya mkataba kamili. Mteja aliyelipia msaada ndiye anayebeba gharama ya majaribio ambayo hayakufanywa, na nashangaa kwamba katika mijadala ya usalama hasara hii haihesabiwi kabisa.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Tangu 2019 Red Hat imetoa taswira zake za msingi ziitwazo UBI, zinazopatikana pia kwa s390x na zinazoruhusiwa kusambazwa bure, kwa hiyo ile dhana ya kuchagua kati ya jumuiya na malipo si kali kama zamani. Hata hivyo UBI hubeba sehemu tu ya vifurushi vya RHEL, na anayehitaji vilivyobaki hurudi kwenye usajili. Ni kweli pia kwamba kiraka cha usalama hufika kwa mjenzi wa jumuiya baada ya kutolewa na mwenye msimbo, na kwamba timu ndogo ikichoka hakuna anayelazimika kuendelea. Neno «rasmi» la Docker Hub nalo limewapotosha wengi: lina maana kwamba ujenzi wa taswira umepitiwa hadharani, wala si ahadi ya matunzo ya kudumu.

Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Matunzo ya CentOS 7 yalikoma tarehe 30 Juni 2024, na mfumo uliojengwa juu ya msimbo huo hauna tena chemchemi ya viraka. Anayeendelea na clefos:7 leo katika kazi halisi anakosea, na angekosea vivyo hivyo kwa taswira ya kampuni iliyokwisha muda wake bila mkataba wa nyongeza. AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9, zinazofuata RHEL 9 kama CentOS 7 ilivyofuata RHEL 7, zote zilitoka 2022 zikiwa na s390x, nazo ni za jumuiya. Ila kubadili mstari wa FROM hakutoshi kwa kila mtu, kwa kuwa kizazi cha RHEL 9 kinadai meinfremu ya kizazi cha z14 au mpya zaidi. Mwenye z13, ambayo ilizinduliwa 2015, ataona programu zinakufa kwa maagizo ambayo prosesa yake haiyajui. Kwake yeye njia iliyo wazi ni Debian, Linux nyingine ya jumuiya, ambayo bado hujengwa kwa prosesa za kabla ya z14, na ambayo nayo haina mwenye kuimiliki wala namba ya simu ya mkataba.