Dakika 20 za kwenye simu

Eti Dar mpaka Unguja kwa ndege ni kilomita 73, dakika 20. Mpwa wangu kanitumia usiku, na kimstari kimenyooka kama uzi wa fundi, kinatoka uwanja wa Nyerere kinaenda kudondokea uwanja wa Karume, akamalizia "mjomba ni kama Bagamoyo tu hapo". Sawa. Aliyechora huo mstari hakai Mbezi.

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, ndege ya saa tatu. Kimara mnaijua. Ubungo mnaijua. Buguruni muuza maji kanipita kwa miguu mara tatu, mara ya tatu ananiuliza "baba bado upo?"

Nikafika nimelowa, mtu mzima na suti yangu ya walima. Kaunta dada mpoole ananiambia baba karibu, weka mzigo kwenye mzani. Nikaweka. "Na wewe upande baba." Mimi? Ndiyo, ndege ndogo hii, lazima tugawe uzito. Nyuma foleni, wazungu wawili na bibi mmoja wa baibui, wote macho kwangu. Nikapanda kwa heshima zangu, kifua mbele, tumbo nimelibana, kama vile tumbo ukilibana kilo zinakimbilia mgongoni. 104. Sasa si angeandika tu yaishe, hapana, akamwita mwenzie, "mia na nne huyu, tumuweke wapi?" TUMUWEKE WAPI! Mimi gunia la mkaa?

Nikamwambia dada hiyo ni simu na funguo. Nikatoa simu, nikatoa funguo, nikatoa waleti ambayo Mungu shahidi haina uzito wowote, nikavua viatu. 102 na nusu. Yule bibi akasema "mwanangu vua na koti". Nikavua na koti! Nimesimama pale na soksi, moja imetoboka dole gumba, na bado yule dada ananiambia begi limezidi, mwisho kilo 15, yaani maharage ya mama mkwe nimeyalipia mara mbili, sokoni na angani. Halafu wakaniweka mbele kabisa ubavuni kwa rubani, kijana mdogo hata ndevu hana, neno la kwanza ananiambia "mzee usiguse kitu".

Tukachelewa saa nzima, msiniulize.

Angani ni kweli dakika 20, sibishi, sijamaliza hata kuomba dua nikaona minazi. Ila nimeingia nyumbani saa sita kasoro, shemeji aliyepanda boti ya saa moja kashakula pilau, kashalala, kaamka ananiuliza "mbona mmechelewa na ndege yenu?" Mama mkwe naye kafungua begi, "maharage yenyewe ndo haya?"

Na ule mzani mi siuamini. Muuza nyama wa mtaani kwetu mzani wake robo tatu anakusomea kilo, nikamwambia nitakuripoti. Kumbe wenzake wameajiriwa mpaka uwanja wa ndege, na jana kaniwekea mfupa mtupu yule, hata supu haukutoa.