Mnaomkumbuka John Prine, acheni kumlilia kwa gitaa

Kila ikifika Aprili 7, siku aliyofariki, mambo ni yale yale. Mtu anazima taa, anawasha mshumaa, anajirekodi na gitaa lake, mwangwi umejazwa mpaka maneno hayasikiki, kisha anaimba wimbo wake "Paradise" taratiiibu kama jeneza linashushwa. Chini yake wenzake wanamwaga machozi ya emoji. Samahani, lakini huyo siye John Prine, mwimbaji na mtunzi wa Marekani aliyefariki Nashville mwaka 2020 kwa Korona, akiwa na miaka 73. Huyo ni mtu mwingine mliyemtunga wenyewe.

"Paradise" ni walzi. Mapigo matatu, kodi tatu (yaani sauti zinazolizwa pamoja kwenye gitaa): D, G na A. Unahusu mji mdogo wa Kaunti ya Muhlenberg, Kentucky, kwao wazazi wake, uliomezwa na machimbo ya makaa ya mawe. Ndiyo, habari ni ya huzuni. Ila mwendo wake unachezeka, na uchungu uko hapo hapo: ukumbi mzima unaitikia kwa furaha habari ya mji uliofutwa. Ukiuvuta wimbo, unamlazimisha msikilizaji alie kabla hajajua analilia nini.

Siri yote iko kwenye kidole gumba. Kwa nyimbo zake za mapigo manne, gumba linapiga kila pigo, moja hadi nne, bila kuruka, likipokezana kwenye nyuzi nene. Kwenye G piga uzi wa 6, ule mnene kuliko yote, kisha wa 4. Kwenye C, wa 5 kisha wa 4. Kwenye D, wa 4 kisha wa 5. Vidole vingine vinadokoa uzi wa 2 na wa 1 katikati ya mapigo. Ukingo wa kiganja uuegeshe juu ya daraja la gitaa, kidogo tu, ili besi ilie kwa ufupi. Ukikandamiza, sauti inakufa. Ukiinua kabisa, besi inavuma na kufunika maneno, na kwa Prine maneno ndiyo mali.

Wapi watu huharibu? Kwanza, gumba linateleza hadi uzi wa 6 wakati umeshika D. Ile E nzito chini yake inatibua kodi nzima. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, gumba linasimama kila mwimbaji anapotaka kuvuta neno kwa hisia. Gumba halimsubiri mtu! Neno ndilo linalowahi au kuchelewa. Prine alikuwa mgawa barua wa Maywood, nje kidogo ya Chicago, akitunga nyimbo huku akizunguka na mfuko wake. Anaimba kama mtu anayekusimulia jambo mlangoni. Kwa hiyo anza na gumba peke yake, dakika kumi, huku ukiyasema mashairi bila kuyaimba. Gumba lisipoyumba ndipo uongeze vidole. Waliokulia kwenye gitaa la Jean Bosco Mwenda wa Katanga wanalijua hili tangu utotoni, hawahitaji somo langu.

Wimbo wake mwingine, "Angel from Montgomery", nao mnausahihisha. Kiitikio kina F, kodi isiyo ya ngazi ya G, basi wajuaji wanaitoa na kuweka D. Irudisheni. Bila hiyo F yule mama mzee wa kwenye wimbo anabaki analalamika tu. Haya, najua mtaniletea mwimbaji Bonnie Raitt, aliyeurekodi mwaka 1974 kwa hisia zote, na ni mzuri. Nakubali. Lakini ninyi si Bonnie Raitt.

Halafu kuna suala la ki, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani. Mwaka 1998 Prine alifanyiwa upasuaji wa saratani shingoni, sauti ikashuka na kukwaruza. Akashusha ki za nyimbo zake, akaendelea na kazi, na albamu ya 2005, "Fair & Square", ikachukua Grammy. Sasa wewe mwenye sauti nzito unajinyonga kuifuata rekodi yake ya kwanza, ya 1971, kwa faida ya nani? Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, haitakusaidia, yenyewe inapandisha tu. Legeza nyuzi zote sita kwa toni nzima, kuanzia ule mnene: D, G, C, F, A, D. Shika kodi ya D kama kawaida, italia C. Seti nyembamba ya nyuzi, ya inchi 0.011, italegea na kugonga freti, kwa hiyo funga ya 0.013. Ila usije ukazikaza nyuzi hizo hadi ki ya kawaida kwenye gitaa la zamani ambalo daraja lake limeshaanza kubanduka.

Wa mwaka 2020 nawasamehe. Watu walifungiwa majumbani, kila mmoja akaomboleza peke yake. Miaka imepita sasa.

Mwenye hela ya mshumaa anunue santuri Oh Boy, kampuni aliyoianzisha Prine na wenzake mwaka 1981.

Na kama lazima muimbe habari ya kifo chake, wimbo alishawaachia: "When I Get to Heaven", wa mwisho kwenye albamu ya 2018. Beti zinasemwa, kiitikio kinaimbwa, na kuna kazuu, kile kifaa kidogo cha mdomoni kinachovumisha sauti yako. Kazuu haipulizwi kama filimbi. Iweke mdomoni upande ule mpana, useme "duu" kwa sauti ya koo. Ukipuliza hewa tupu, hailii.