Bahari Tumepewa, Nchi Kavu Je?

Kila Pasaka na kila Disemba lawama ni zile zile. Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao Mombasa nzima huuita Pirates, umefurika hadi mtu hapati pa kutandika leso. Wenyeji wanawalaumu wabara walioshuka na treni ya SGR, wabara wanawalaumu wachuuzi, wachuuzi wanawalaumu askari wa kaunti. Na hapo kando tu, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna mchanga ule ule na bahari ile ile, na watu wa kuhesabika. Kinachozitenga pande hizo mbili ni ukuta na mlinzi langoni.

Anayeitetea familia ya kawaida huanza na sheria, na sheria iko upande wake. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinahesabu kuwa ardhi ya umma ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa. Basi hakuna hoteli inayomiliki ufuo, hata ikipanga vitanda vyake vya jua hadi karibu na mawimbi. Wengi huishia hapo, kana kwamba kesi imekwisha.

Haijakwisha, kwa sababu ya maji yenyewe. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua (maji makuu) kina hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji yakitoka, ufuo wa Bamburi, ulipo Pirates, unakuwa uwanja: vijana wanapiga mpira, watoto wanainamia vidimbwi vya mwambani kuwinda kaa wadogo. Ukirudi saa sita baadaye unakuta, mahali pengi, mawimbi yanapiga ukuta wa kiwanja cha mtu na ardhi yote ya umma iko chini ya maji. Familia iliyokuja na sufuria ya pilau, mtoto mchanga na bibi mwenye magoti mabovu haina pa kukaa, maana hatua ya kwanza ya nchi kavu ina mwenyewe. Katiba imetupa mali inayozama na kuibuka, na haikusema lolote kuhusu pa kuweka sufuria.

Hii ndiyo siri ya Pirates, na ndiyo sababu sioni faida ya kuwalaumu wabara. Watu hawafuati pale maji yaliyo bora kuliko ya jirani. Wanafuata ardhi ya juu iliyo nyuma ya mchanga: kivuli, pa kusimamisha matatu, mama wa viazi karai, choo (hali yake tuiache kwa leo). Ukiwa na kipande kimoja cha namna hiyo kwa mji mzima, lazima kifurike, na kikifurika ndipo mambo yanapoharibika. Mtoto asiyejua kuogelea anakodishiwa boya la tyubu ya gari, anapata ujasiri usio wake, maji yanaanza kutoka na kumvuta, na mzazi hamwoni kwa wingi wa vichwa.

Wenye hoteli na viwanja vya mstari wa kwanza kando ya bahari hatuwasikilizi sana, nami nadhani tunakosea. Wengi wana hati halali (nyingine zina historia yake, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine). Wameajiri maelfu ya watu wa pwani hii hii, na mgeni aliyefuatwa na muuza vinyago wa tano kabla hajamaliza chai yake mwakani ataenda kwingine. Usalama nao si kisingizio kitupu: Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa na watu wakafa, na anayelinda geti tangu wakati huo ana sababu ya kuuliza unakwenda wapi. Wana hoja nyingine ambayo mtu yeyote wa Kisauni au Nyali anaijua, kwamba kijia cha kwenda baharini kisicho na taa hugeuka jaa mchana na maskani ya wavuta bangi usiku.

Hoja hizo nazikubali karibu zote. Nisichokubali ni hitimisho lake, kwamba dawa ni kufunga njia. Wachuuzi wamerundikana mbele ya hoteli kwa sababu hawana vibanda wala mahali pengine pa kumkuta mnunuzi. Kijia kimekuwa maskani kwa sababu familia zilikimbizwa, na mahali pasipo na watoto wala akina mama huchukuliwa na wengine.

Kuna wanaosema familia zina pengine pa kwenda, ziache kung'ang'ania mchanga. Ni kweli nusu. Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kuanzia 1593 na iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, ni lazima kila mtoto aione, lakini huendi kila Jumapili. Haller Park, machimbo ya saruji yaliyofufuliwa kwa mivinje hadi yakawa msitu, yalikokaa Owen, yule kiboko yatima wa tsunami ya 2004, na kobe mzee aliyefanya urafiki naye, inastahili kila senti ya kiingilio. Ila zidisha kiingilio hicho kwa baba, mama, watoto wanne na nauli, halafu uone kama kuna mwisho wa mwezi unaostahimili.

Bustani ya umma ya Mama Ngina, iliyo kando ya bahari, ndiyo hoja yenye nguvu. Tangu pafanyiwe ukarabati mwaka 2019, jioni za Jumapili unakuta pale Mombasa yote: kachiri, mabuyu, madafu, watoto wakisoma majina ubavuni mwa meli zinazopita kuingia bandari ya Kilindini. Kuingia ni bure. Huwezi kuoga, maana chini ni majabali na mlango wa bahari wenye kina kirefu, lakini pamethibitisha jambo ambalo wenye viwanja hulitilia shaka: ardhi ya juu ya umma, ikiwa na taa na mabenchi, inaweza kubeba umati bila kugeuka pango la wezi.

Wazo la kutoza kiingilio Pirates, kupunguza msongamano na kulipa waokoaji, silidharau. Waokoaji wanahitajika kweli. Lakini ada ya langoni huhesabu vichwa, kwa hiyo inamwumiza mwenye watoto wengi na kumwacha kijana aliyekuja peke yake. Afadhali kutoza gari linaloegeshwa na boya linalokodishwa, tena kila boya liwe na jaketi la kuokolea.

Msongamano wenyewe utapungua tu nchi kavu ikiongezeka. Kununua viwanja vya mstari wa kwanza kwa bei ya leo hakuna kaunti itakayoweza. Lakini viwanja vingi vya pwani vimekodishwa kwa muda maalumu, na mwenye kiwanja akija kuomba arefushiwe, serikali ya kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zina nafasi ya kumwambia: sawa, ila utaacha njia pembeni na kipande cha kivuli juu ya mstari wa maji. Mwenye hoteli atauliza nani atawasha taa na nani atazoa taka. Ana haki ya kuuliza, tena apewe jibu kwa maandishi kabla hajatia sahihi: kaunti iwashe na kuzoa kwa pesa za maegesho, na ikishindwa kwa muda uliotajwa, yeye aruhusiwe kufunga njia usiku, lakini mchana asiguse.