Msiite kifusi kabla watu hawajatoka

Juzi nimekutana tena na video ya lile ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024, na sauti inasema zoezi la kuondoa kifusi linaendelea vizuri. Nimeumia upya. Chini ya hicho walichokiita kifusi kulikuwa na watu hai wanaozungumza na waokoaji, wanapitishiwa maji na glukosi kwenye matundu. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 walifariki.

Kila aliyejenga anajua kifusi ni nini. Ni kile unachopatana bei kwa tripu, lori linamwaga mbele ya kiwanja, vijana wanashindilia msingi kabla ya kumwaga jamvi. Hakina mwenyewe na hakina jina. Najua kamusi inakubali kuita hivyo hata mawe na udongo wa nyumba iliyobomoka, na sibishani nayo. Ninachokataa ni haraka yetu ya kulitumia neno hilo saa ya kwanza, wakati mama mtu amesimama kwenye utepe anasubiri mwanawe.

Kwa sababu neno linakuja na kazi yake. Kifusi huzolewa, hupakiwa, humwagwa. Kinaita kijiko na lori. Mtu hutafutwa, hufukuliwa kwa uangalifu, huitwa kwa jina kisha watu wote wananyamaza wasikilize kama ataitika. Siku ile Kariakoo watu walianza na nyundo na mikono mitupu kwa saa nyingi, na walikuwa sahihi. Hawakuwa wanaondoa kifusi, walikuwa wanatafuta ndugu zao.

Na hata watu wote wakishatoka, bado mapema. Mle ndani kuna mali ya mtu aliyekopa, daftari la madeni, simu ya marehemu. Kuna nondo ambazo unene wake unapaswa kupimwa, na zege la kupelekwa maabara ili tujue saruji iliwekwa kiasi gani. Lori likishaondoka na "kifusi", limeondoka na ushahidi. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa lilianguka mtaa wa Indira Gandhi hapo hapo Dar es Salaam, wakafa watu 36. Mji ulioshuhudia hayo ulipaswa kuwa umejifunza kukiangalia kila kipande cha zege kabla ya kukitupa.

Mbona kwenye ndege tunajua? Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kiliokotwa Kojani, Pemba. Hakuna aliyekiita takataka ya bahari. Kiliitwa mabaki ya ndege, kikahifadhiwa, kikapelekwa Australia kuchunguzwa, na ikathibitishwa kuwa ni cha MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea Machi 2014 na watu 239. Mabaki unayatunza. Gofu nalo tunaliheshimu: nenda Kilwa Kisiwani uone kuta zinavyolindwa. Chakavu kina bei yake kwa kilo. Ni nyumba tu, tena iliyoangukia watu, ndiyo tunaiharakishia jina la kitu cha kumwagwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba ofisa wa zimamoto akiwa kazini anahitaji neno fupi, na kifusi ni fupi. Atumie na wenzake. Lakini mhariri aliyekaa mezani, na kiongozi anayeshika kipaza sauti mbele ya familia, hawana sababu hiyo. "Jengo lililoporomoka" linatosha. "Watu waliofunikwa na jengo" linatosha zaidi. Ripoti ituambie waokoaji wamefika ghorofa ya ngapi na ni wangapi bado wanaitika, kabla ya kutuhesabia tripu za lori. Neno kifusi lingoje mpaka aliyepotea wa mwisho apatikane na mchunguzi aseme amemaliza kuchukua sampuli zake.