Ukumbini Tunataka Mwanga, Si Lenzi ya Kuvuta Mpaka Likoni

Mzazi mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa alinionyesha juzi lenzi mpya aliyouziwa katika duka moja la mjini, ili ampige picha bintiye anayecheza mpira wa kikapu katika ukumbi wa shule. Ilikuwa zumu, yaani lenzi ya kuvuta, ya milimita 75-300, nyeusi, ndefu, yenye kumfanya aliyeivaa shingoni apishwe njia na walinzi wa mlangoni. Muuzaji, kwa bashasha ya mtu aliyekwisha kuupima mkoba kwa macho, alikuwa amemwambia: "Mama, ukisimama Mama Ngina na hii, unavuta mpaka Likoni." Nikazitazama picha alizopiga. Kulikuwa na vivuli vyenye jezi, mikono iliyofutika kuanzia kwenye kiwiko, na mpira uliogeuka mstari wa rangi ya machungwa. Simlaumu mama huyu hata kidogo. Ninalotaka kuelezwa na yule muuzaji ni mashindano gani ya shule ambayo wachezaji huwa Likoni, ng'ambo ya kivuko, na mzazi akawa Mama Ngina, ufukweni mwa kisiwa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara ya kamera hakuna kinachojitembeza kama urefu wa lenzi. Milimita zimeandikwa kwa tarakimu kubwa, zinaeleweka upesi, na mteja anaweza kuzijaribu palepale kwa kuivuta sura ya mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Tarakimu inayoamua kama picha ya ukumbini itakuwa picha au itakuwa bahati mbaya imeandikwa kwa udogo kwenye ukingo wa kioo, na katika lenzi ile ilisomeka 1:4-5.6. Maana yake ni kwamba ukiivuta hadi mwisho, upenyo wake, yaani tundu linalopitisha mwanga, hauwezi kufunguka kupita f/5.6; tarakimu ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Huo ni upenyo mzuri kwa kandanda saa tisa alasiri chini ya jua la Pwani. Ndani ya ukumbi ni mlango uliofungwa.

Tulifanyie jambo hili hesabu, kwa sababu wauzaji wengi hawapendi hesabu hii. Lenzi inayofunguka hadi f/2.8 huingiza mwanga mara 4 ya ile inayoishia f/5.6, na inayofunguka hadi f/1.8 huingiza karibu mara 10. Chukua ukumbi ambao, kwa f/2.8 na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde, unadai ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 3200. Si ukumbi mbaya, na wengi wetu tumepiga picha katika kumbi zilizo na giza kuliko huo. Kwa f/1.8 ukumbi uleule utakudai ISO 1300 hivi, kiasi ambacho hata kamera ya bei ya chini inakibeba bila kulalamika. Kwa f/5.6 utakudai ISO 12800, na hapo ngozi za watoto zitajaa chenga kama mchanga wa pwani, na macho yao, ambayo ndiyo sababu ya kuipiga picha yenyewe, yatakuwa madoa mawili. Ukikataa kupandisha ISO ukabaki 3200, kasi itashuka hadi 1/125. Mchezaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 4 katika muda huo, na mkono unaorusha mpira huenda mbali zaidi. Ndiyo maana mikono ya yule binti ilifutika. Kamera haikuwa na kosa, wala mama hakutetemeka.

Nasema hakutetemeka kwa kuwa hoja ya pili ya muuzaji, anapobanwa, ni kwamba kuna lenzi ya namna hiyohiyo "yenye kutuliza mtetemo", ongeza tu fedha kidogo. Kifaa cha kutuliza mtetemo hutuliza mkono wa mpiga picha. Hakimtulizi mtoto wa miaka kumi na minne anayeruka kwenda kikapuni. Kitakupa ukuta uliokaa sawasawa, bango la mdhamini linalosomeka herufi kwa herufi, nguzo safi ya kikapu, na katikati yake mzuka. Nimechoka kuwaona wazazi wakilipia mara mbili kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi moja: mwendo wa mchezaji husimamishwa na kasi ya shata, kasi ya shata hulishwa na mwanga, na mwanga huingia kwa ukubwa wa upenyo. Kwa mpira wa kikapu anzia 1/500. Kwa voliboli, pale mkono unapoushukia mpira juu ya wavu, tafuta 1/1000 ukiweza kuipata.

Nikubali, ingawa sikubali kwa furaha, kwamba kamera za miaka hii zinavumilia ISO kubwa kuliko zile tulizoanza nazo, na kwamba programu za kuondoa chenga kwenye kompyuta zimekuwa na maarifa ya kutisha. Lakini programu haijui kidole kilikuwa wapi. Inaweza kulainisha chenga. Haiwezi kurudisha kilichofutwa na mwendo. Tena si haki kumwuzia mtu lenzi ya giza, kisha kumpeleka akanunue programu ya kulitibu giza hilo.

Sasa ninachopendekeza. Kwa wengi wetu wenye kamera za kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga), zile zinazoifanya lenzi ionekane ndefu mara 1.5 au 1.6, lenzi ya kwanza ya ukumbini ni 85 mm ya f/1.8 isiyovutika. Canon walitoa yenye mota ya kulenga ya USM mwaka 1992, Nikon walitoa yenye mota ya AF-S mwaka 2012, na zote mbili zinapatikana zikiwa zimetumika. Watu huogopa neno "isiyovutika" kana kwamba wameambiwa wafungwe miguu. Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa mita 28, kwa hiyo ukikaa nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni mwa kikapu, nusu yote yenye shughuli inaishia mita 14 hivi mbele yako. Ukiisimamisha kamera wima, lenzi ya 85 katika umbali wa mita 10 inachukua kimo cha zaidi ya mita 2 na nusu, yaani mchezaji mzima aliyeruka, mkono wake, na mpira. Hicho ndicho kipimo cha picha ya mchezo. Zumu ya 300 kutoka mahali hapo ingekupa kidevu na bega.

Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, na ule wa mpira wa vinyoya ni mdogo zaidi, mita 13.4 kwa 6.1, humo 85 inatosha kabisa, ukiwa umesimama pembeni mwa nguzo ya wavu, au nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni, mchezaji unayemtaka akiwa upande wa pili wa wavu. Kwa mpira wa meza, hiyohiyo.

Asiyeweza kuifikia bei ya 85 anunue 50 mm ya f/1.8, ambayo katika chapa nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini, asogee hadi mita 6 kutoka kikapuni, na ayaache matukio ya katikati ya uwanja yapite bila ya kuyapiga. Ni heri picha chache za chini ya kikapu zenye macho na vidole kuliko mamia ya picha za uwanja mzima zenye vivuli. Jambo la kusogea linataka adabu: mwombe mwalimu wa michezo kabla ya mechi kuanza, kaa chini, usiweke mkoba mahali mchezaji atakapoangukia, na refa akikuonyesha kidole uondoke, ondoka kwanza ndipo uulize. Wazazi wengi huamini kwamba jukwaa ndilo mahali pao pekee, na wenye lenzi ndefu huzinunua kwa sababu ya imani hiyo. Kila nilipomshuhudia mzazi akiomba kwa heshima, alipewa nafasi ya kukaa kando ya mstari, na nafasi hiyo haiuzwi dukani.

Najua kuna watakaonijibu kwa 70-200 ya f/2.8. Ni lenzi nzuri, sitabishana. Anayepiga picha za kulipwa siku nzima, leo kikapu na kesho voliboli, anaihitaji, na kule ukumbi wa Makande, timu za KPA, Mamlaka ya Bandari, zinapocheza mpira wa kikapu, sitashangaa nikimwona mpiga picha wa gazeti akiwa nayo. Lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu katika zile za kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), bei yake ni mara kadhaa ya 85, na pamoja na fahari yake yote bado inaingiza mwanga chini ya nusu ya ule wa f/1.8. Mzazi anayetaka picha za mtoto wake hana sababu ya kukopa chama kwa ajili yake. Shule inayotaka kununua kifaa kimoja kitakachotumiwa na klabu ya upigaji picha kwa miaka mingi, hiyo nitaiambia inunue, kwa shingo upande.

Lenzi ya f/1.8 nayo ina masharti yake. Ukiifungua yote kwa 85 mm, eneo lililo wazi, yaani linaloonekana kwa ukali, kwa mchezaji aliye mita 5 kutoka kwako halizidi robo ya mita. Pua ikiwa wazi, sikio huenda likapotea, na kamera ikimlenga mlinzi aliyekatiza mbele, mfungaji atakuwa moshi. Kwa hiyo punguza kidogo, f/2 au f/2.2, mwanga ukiruhusu, na ujifunze kumfuata mchezaji mmoja badala ya kuufuata mpira. Wapiga picha wanaokimbizana na mpira hurudi nyumbani na picha nyingi za mpira.

Kuhusu mwanga wa kumbi zetu ningeweza kuandika mpaka alfajiri. Zimejengwa kwa ajili ya joto, na si kwa ajili ya picha: matofali ya matundu kila upande, milango mikubwa iliyo wazi ili upepo wa bahari uingie, na juu mabati yenye vipande vichache vya kupitisha jua. Saa sita mchana hali ni njema, mradi usimpige mchezaji akiwa ameupa mlango mgongo, maana kamera itaupima mlango na kumgeuza mtoto kuwa kivuli. Tatizo ni kwamba ratiba za michezo ya shule huchelewa, hotuba za wageni huwa ndefu, na fainali, mechi ambayo kila mzazi ameijia, huanza saa kumi na moja jioni. Jua la Mombasa halibembelezi. Ikifika saa moja kasorobo limekwisha kwenda zake, mwaka mzima, na unabaki na taa. Taa zenyewe, nusu zimeungua tangu mgeni rasmi wa mwisho, na wanaohusika wana fedha za kupaka ukuta rangi ya jezi lakini hawana za balbu. Nalisema hili bila mzaha: watoto wanaocheza katika nusu giza hawaoni mpira vizuri, na hilo ni kubwa kuliko picha zangu.

Tena taa zilizosalia huwaka na kufifia. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za zamani hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata ya 1/500 inaona, na ndiyo maana katika picha tatu za mfululizo moja huwa njema, ya pili ya manjano na ya tatu ina giza. Hakuna lenzi ya kuliponya hilo. Tafuta katika menyu ya kamera yako kipengele cha kuzuia kumemeta kwa taa. Canon walikiingiza katika 7D Mark II mwaka 2014, na sasa kimeenea.

Flashi usiiwashe, inawaumiza macho wachezaji. Simu ya mkononi, jioni na kutoka jukwaani, iache kwa picha za kukabidhiwa kombe.

Mwisho ni kununua, maana wengi tutanunua vilivyotumika, na katika mji huu hilo lina hatari yake. Unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya vioo: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ambazo hazionekani lenzi ikiwa juu ya kaunta chini ya taa za duka. Fungua upenyo wote, washa tochi ya simu kwa nyuma, utazame kupitia mbele. Ukiona nyuzi, irudishe hata kama bei imeshuka wakati unatazama. Lenzi iliyokaa mwaka mzima kabatini katika nyumba ya karibu na bahari ndiyo ya kuichunguza zaidi, hata ikiwa na sanduku lake na kadi ya dhamana. Wenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 wahakikishe imeandikwa AF-S, kwa sababu kamera hizo hazina mota ndani yake na lenzi za zamani za AF-D hazitajilenga zenyewe. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, mwombe muuzaji azime taa za upande mmoja wa duka, na umpige picha kijana wa dukani akitembea kuja kwako, mara nyingi mfululizo, kwa f/1.8 na 1/500. Zikuze picha hizo hadi jichoni. Muuzaji akisema taa za duka hazizimwi, vuka barabara uingie kwa jirani yake.