Mdomo haupimwi kwa kalamu

Machi mwaka huu aliketi mbele yangu binti wa Majengo aliyepata A ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimesoma insha zake mbili, na nilizipenda: sentensi zimenyooka, hoja zinafuatana, hata vituo viko mahali pake. Nikamwomba anisimulie, kwa Kiingereza, kuhusu mtaa aliokulia. Akasema ni Majengo. Nikangoja. Nikamwuliza mtaa wenyewe ukoje. Akajibu neno moja tu, kwamba ni mzuri, kisha akainamisha macho akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Dakika nne zikapita hivyo, mimi nauliza, yeye ananipa neno moja moja kama anayehesabu chenji za mwisho.

Alipotoka nilimsikia kwenye ngazi akiwahadithia wenzake, kwa Kiswahili, namna makanga alivyogombana na mama mmoja juu ya kapu la samaki. Alikuwa akiigiza sauti zote mbili. Wenzake walikuwa hoi kwa kicheko. Kwa hivyo mtu asiniambie tatizo lake ni kuona haya.

Nafundisha darasa la matayarisho hapa Mombasa, vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri kuingia chuo kikuu. Wako watakaobaki karibu, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Wako wanaotafuta nafasi Uingereza, Malaysia, Uturuki. Kila mwaka nawapata kama yule binti, tena si mmoja wala wawili, na nimechoka kuona wakilaumiwa wao. Tumewasomesha miaka 12 kwa lugha ambayo hakuna aliyewahi kuwatahini wakiizungumza.

Tazama mtihani wenyewe. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu, jumla alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60, na nusu yake, 30, ni za stadi za kuzungumza. Ila mtahiniwa anazijibu kwa kuandika. Anapigia mstari silabi inayotiwa mkazo. Anaandika neno linalotamkwa sawa na jingine. Anaeleza angejiandaa vipi kabla ya kusimama kwenye mdahalo. Anajaza upande mmoja wa mazungumzo ya simu. Anaweza kuzizoa alama zote 30 na mdomo wake haujafunguka tangu asubuhi.

Na hapa ndipo paniumapo zaidi. Mwanafunzi huyo huyo akichukua Kifaransa au Kijerumani, atakaa na mtahini uso kwa uso, waulizane na kujibizana. Akichukua muziki, atasikilizwa. Yaani lugha ambayo pengine hataitumia tena baada ya skuli tunamtahini kwa sikio, na ile atakayofundishiwa udaktari, uhandisi na sheria tunaitahini kwa penseli na rula.

Kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Mwalimu wa kidato cha tatu mwenye watoto 60 darasani na vitabu teule vya kumaliza hawezi kutoa kipindi kizima watu wazungumze, wakati anajua hakuna alama inayongoja huko. Simlaumu. Nilikuwa yeye kwa miaka sita. Nilifundisha mkazo wa silabi ubaoni kama hesabu, watoto wakainakili, wakaipata, na nikajisifu kwa matokeo.

Wenzetu walishapita njia hii. Mtihani wa Cambridge wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni ulianza 1913 na watahiniwa watatu tu. Ulichukua saa 12, na ndani yake, licha ya tafsiri na fasihi na fonetiki, kulikuwa na nusu saa ya kusoma kwa sauti na kuzungumza. TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa Wamarekani kwa wageni, ilianza 1964, ikakaa miaka 40 bila sehemu ya kuzungumza katika mtihani wake mkuu. Vyuo vya Marekani vikalalamika kwamba vinapokea wanafunzi wenye alama kubwa wasioweza kuchangia darasani. Toleo la mwaka 2005 ndilo lililoingiza kuzungumza.

Sasa kijana wetu anakutana na IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa unaotakwa na vyuo vya nje. Sehemu ya mazungumzo ni kati ya dakika 11 na 14, yeye na mtahini peke yao, na kila kitu kinarekodiwa. Kwanza maswali ya kwao na ya shughuli zake. Kisha anapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kufikiri, halafu azungumze peke yake mpaka dakika mbili. Mwisho wanajadiliana juu ya mada ile kwa kina zaidi. Anapimwa kwa mambo manne: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Vyuo vingi vya Uingereza hutaka 6.0 hadi 7.0 kati ya 9 kwa jumla, na mara nyingi huweka kiwango ambacho hakuna stadi hata moja inayoruhusiwa kushuka chini yake. Ukipata 7.5 ya kuandika na 5 ya kuzungumza, ile 5 ndiyo itakayokufungia mlango. Na ada ya kukaa tena inapita shilingi elfu 20, pesa ambayo nyumba nyingi ninazozijua huitafuta kwa kuuza kitu.

Wazazi huniuliza sana kuhusu lafudhi. Huwa nawatuliza: lafudhi haikatwi alama, linalotazamwa ni kama unaeleweka. Tena mtoto wa Mvita ana bahati ambayo hajui kama anayo. Sauti mbili za Kiingereza zinazowatoa jasho watu wa nchi nyingi amezinyonya pamoja na maziwa ya mama, katika thelathini na dhahabu. Shida yake iko kwenye mkazo, kwa sababu Kiswahili humzoesha kuuweka silabi ya pili kutoka mwisho, na kwenye irabu fupi na ndefu, meli na kondoo kwa Kiingereza, ship na sheep, zikatoka mdomoni kama neno moja. Hayo yanafundishika kwa wiki chache.

Jambo gumu zaidi ni adabu, na hili silioni likiandikwa popote. Kwetu mtoto aliyelelewa akaleleka huamkia, hujibu alichoulizwa, kisha hunyamaza. Anayemwagika maneno mbele ya mtu mzima huitwa mjuvi. Macho huinamishwa. Sasa mchukue binti huyu umwingize chumbani na mtu mzima asiyemjua, na alama zake zitegemee urefu wa maneno yake. Kunyamaza kwake, ambako nyumbani ni sifa, kule kunahesabiwa kwamba hana lugha. Wala mtahini hawezi kumvutavuta sana, maana maswali yake mengi yamepangwa na muda wake umepimwa.

Siwaambii wanafunzi wangu waache adabu zao. Nawaambia, mwanangu, kile chumba ni baraza nyingine, na huyo mgeni aliyekaa mbele yako kazi yake ni kukusikiliza. Ukimpa neno moja umemnyima. Wako wanaoelewa siku hiyo hiyo. Wako wanaochukua mwezi, na nimemwona kijana wa Kisauni akitokwa na machozi mara ya kwanza alipojilazimisha kunitazama machoni akizungumza. Nilisimamisha zoezi tukaenda kunywa chai. Mtihani wowote unaomdai mtu abadilishe namna alivyolelewa kusema unapaswa kumpa muda wa kujua hivyo kabla, na muda huo ni wa skuli, si wa wiki tatu za mwisho kwangu.

Nalo darasa langu lilikuwa na kosa lake. Kwa miaka miwili tuliwapanga wanafunzi kwa mtihani wa kuchagua jibu, maswali 50, siku ya kwanza. Ulisahihishwa kwa dakika 10 na ulitupendeza kwa hilo. Ukawaweka kundi la juu watu wasioweza kuuliza njia, na kundi la chini kijana mmoja aliyekuwa akitembeza watalii Fort Jesus tangu akiwa na miaka 15. Yule kijana sarufi yake ilikuwa na mashimo, lakini angeweza kumweleza Mholanzi historia ya ngome nzima na kumjibu maswali. Alikaa wiki mbili na wanaoanza, kisha akaacha kuja. Nilimpigia simu mara kadhaa. Bado najuta juu yake, kwa sababu mtihani wa kuwapanga watu una kazi moja tu, kumweka kila mtu pale atakapofaidika, na wetu ulimpeleka nje ya mlango.

Tukaubadilisha. Siku hizi kila anayeingia tunazungumza naye dakika 10, tunarekodi kwa simu, na walimu wawili tunasikiliza mbalimbali, kila mmoja anaandika alama bila kumwonyesha mwenzake. Mara ya kwanza tulishtuka. Mwenzangu alimpa binti mmoja 4, mimi nikampa 6. Tukarudia rekodi pamoja, tukasimamisha kila sentensi. Ikadhihirika kwamba mimi nilikuwa nimempa alama za ucheshi wake na za habari tamu aliyosimulia, naye mwenzangu alikuwa amemkata kwa sababu ya Kiswahili alichochanganya mara mbili. Tukakubaliana 5, na tukaandika kwenye daftari kile tunachokipima na kile tusichokipima. Daftari hilo limetusaidia kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

Yule binti wa Majengo ndiye aliyenifunulia lililobaki. Nilimwuliza siku moja, kwa Kiswahili, nani amewahi kumsikiliza akisema kitu na kumsahihisha. Akashangaa swali lenyewe. Akasema, ni maalim wa chuo cha Kurani, tangu nina miaka mitano.

Ni kweli. Mji huu unajua kuupima mdomo kwa mdomo, na umejua kwa karne nyingi. Mtoto anaketi mbele ya maalim anasoma sura, maalim amefumba macho. Herufi ikitoka si pahala pake, qaf ikawa kaf, anasimamishwa pale pale anarudia. Hakuna karatasi. Wala hakuna anayesema watoto ni wengi mno hawawezi kusikilizwa, ingawa ni wengi kweli, kwa sababu wakubwa huwasikiliza wadogo na maalim huwasikiliza wakubwa.

Basi tukafanya vivyo hivyo. Waliomaliza mwaka jana na bado wanangoja vyuo huja Jumamosi, kila mmoja anachukua watatu. Mimi na mwenzangu tunasikiliza rekodi chache za kila kundi kuhakikisha kipimo hakijapinda. Binti alifanya IELTS mwezi wa Juni, kuzungumza akapata 6.5. Kuandika alipata 7, kama nilivyotarajia.

Najua jibu nitakalopewa kuhusu KCSE. Watahiniwa ni zaidi ya laki tisa, na watahini wa kukaa na kila mmoja watatoka wapi? Ni swali la haki, na sidhani kwamba mtihani wa taifa utabadilika kwa sababu yangu. Lakini alama si lazima zitoke zote siku moja ya Novemba. Kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mtaala huo umeshakubali kwamba sehemu ya tathmini ifanyike skulini, na mwalimu, mwaka mzima. Kuzungumza ndiko kungefaa kuanza hapo. Watu wataogopa kwamba walimu watawapendelea wanafunzi wao. Watawapendelea, kama nilivyompendelea yule msimulizi wangu mcheshi, na dawa yake ni rekodi na sikio la pili kutoka skuli jirani.

Hata walio na nafasi nje hawaepuki hili. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza huko Uturuki vina mtihani wao wa Kiingereza wa kuingilia, na asiyeupita hukaa mwaka mzima wa matayarisho kabla ya kuanza somo lake. Kijana wa Mombasa aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu akiwa mdogo anaweza kujikuta kwenye mwaka huo, anakula pesa za mzazi huku akijifunza kufungua mdomo.

Kwa hivyo naomba hivi. Mkuu wa skuli ya upili yoyote kisiwani, Likoni, Changamwe au Nyali, atupe darasa moja la kidato cha tatu muhula ujao. Kila mwanafunzi dakika tano, mara mbili kwa muhula. Darasa la 60 ni saa tano za kusikiliza kila mara, tukigawana na vijana wetu wa Jumamosi inabaki asubuhi moja. Simu tunazo, daftari la vipimo lipo, nitalitoa kwa anayelitaka. Rekodi zitabaki na skuli, alama zitabaki na mwalimu wa darasa, na yeye ataamua azitumie vipi. Ninachokosa ni skuli moja ya kuanza nayo.