Shamba moja, ndugu watatu, mke mmoja

Julai 2025 ndugu wawili wa wilaya ya Sirmaur, jimbo la Himachal Pradesh nchini India, walimwoa mwanamke mmoja hadharani, kwa ngoma na karamu. Picha zikasambaa dunia nzima. Bibi harusi aliwaambia waandishi kwamba amekubali kwa hiari yake. Wao ni Wahatti, na ndoa ya aina hiyo huitwa jodidara.

Kiswahili kinamjua mke mwenza pamoja na wivu wake wote, lakini mume mwenza hana hata neno lililozoeleka. Labda ndiyo sababu mjadala wetu huishia chumbani: nani analala wapi, na lini. Huo ni udaku. Swali lenyewe liko shambani.

Tuwatazame Wanyinba wa Humla, kaskazini magharibi mwa Nepal, Wabudha wanaosema lahaja ya Kitibeti, wanaoishi karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ardhi ya kulima ni matuta membamba kwenye miteremko, na msimu ni mfupi. Shayiri ya shamba peke yake haiifikishi nyumba mwisho wa mwaka, kwa hiyo riziki ilitafutwa kwa njia tatu: kulima, kuchunga na kufanya biashara. Mtu mmoja alibaki na jembe, mwingine alipanda na mifugo malishoni, wa tatu alikwenda mpakani mwa Tibet kuchukua chumvi na kuteremka nayo mabondeni kuibadilisha kwa mchele, mzigo ukibebwa na kondoo na mbuzi waliofungwa vifuko mgongoni. Ndugu watatu wakioa mke mmoja, kazi zote zina mwenyewe na shamba halikatwi. Watoto wao wa kiume watafanya vivyo hivyo.

Wanaoitetea mila hii huanzia hapo, na hawakosei. Ardhi haikumegwa hadi ikawa kiganja. Mume mmoja akiwa safarini miezi kadhaa, nyumba haikukosa mwanamume, na mmoja akifa watoto hawakubaki bila baba. Idadi ya watu nayo haikupanda haraka, kwa kuwa wanaume watatu walipata watoto wa mwanamke mmoja.

Lakini hesabu hiyo inasomwa kutoka kwa kifungua mimba. Isome kutoka kwa kitinda mimba. Mke alipoletwa, huenda yeye alikuwa bado mtoto. Anapobalehe anamkuta mke aliyemzidi umri na kaka mkubwa ambaye kauli yake ndiyo ya mwisho. Angeweza kujitoa na kuoa wake, ila kujitoa kulikuwa na bei: kuanza maisha na ardhi kidogo au bila ardhi kabisa.

Na wanawake je? Wapo wanaodhani mila hii ilitokana na uhaba wa wanawake. Mwanaanthropolojia Melvyn Goldstein alikuta kinyume katika vijiji vya Kitibeti vya Nepal: karibu theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa hawakuwa na waume. Mwanamke mmoja akichukua wanaume watatu, wanawake wawili wamebaki. Baadhi walikuwa watawa, wengine waliishi nyumbani kwa wazazi au ndugu wakifanya kazi kwenye shamba wasilorithi. Mimi sioni namna ya kuusifu mfumo kwa kulinda ardhi huku nikiwaruka hawa, maana wao ndio walioilipia.

Hata hivyo, wanaotaka serikali ipige marufuku wanaipa sheria nguvu isiyokuwa nayo. Huko Ladakh, eneo la milimani kaskazini mwa India, mila hii ilikatazwa kisheria mwaka 1941, na ndoa hizo zikaendelea kwa miaka mingi. Kilichozipunguza hasa ni mshahara: jeshi, ofisi za serikali, watalii. Kijana mwenye pesa mfukoni haombi nafasi kwenye nyumba ya kaka. Tibet inaonyesha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Wakati wa mashamba ya ujima mila ilififia. Ardhi iliporudishwa kwa kaya miaka ya 1980, katika vijiji vya Shigatse ndugu wakaanza tena kuoa pamoja. Dini haikubadilika. Kilichorudi ni shamba la kugombewa.

Ladakh zamani kaka mkubwa akioa, wazazi walimwachia khangchen, nyumba kubwa, wakahamia khangu, ile ndogo ya pembeni, na sehemu kidogo ya shamba. Siku hizi ndugu wanagawana, kila mmoja na familia yake, na mikono ya kuvuna ni ya kukodi. Nikipewa nichague, ningechagua hilo, pamoja na vipande vyake vidogo, kwa sababu angalau kitinda mimba amepata chake.

Kinachonitatiza ni ile harusi ya Sirmaur. Kwa mujibu wa habari zilizotoka, mabwana harusi wote wawili wana ajira, tena mmoja ng'ambo. Basi hapa si shayiri wala chumvi inayowashikanisha. Wenyewe walisema ni fahari ya mila yao, na kwa jibu hilo hesabu yangu ya ardhi haina la kusema.